Anayeuliza Habari za Josaphat

Shirika letu la kusambaza dawa lina ofisi Beni na Butembo, na mashine moja kuukuu ambayo kila mtu anaipenda isipokuwa mimi. Ukiiandikia jina la mfanyakazi, inakuambia yuko wapi. Yeyote akiuliza, inajibu. Nasi, watu wa sala, tumeigeuza ubao wa maombi: kabla ya kusafiri unaandika njia na saa, ili wenzako wakuombee. Juzi mkuu wetu, Anne-Marie, alinisimamia mpaka na mimi nikaandika jina langu: Kavugho, kesho kutwa Beni, kuondoka saa mbili.

Kazi yangu ni usalama wa mtandao. Jana asubuhi, pale ofisini kwetu Mususa, mtaa wa Butembo, niliijaribu mashine kwa simu yangu, kama mtu wa nje. Niliandika jina la mume wangu, Josaphat, ambaye hupeleka dawa zetu vijijini. Ikajibu bila kuniuliza mimi ni nani: Mutwanga, pikipiki, kutoka Beni saa nne.

Nilikasirika. Nikafungua kumbukumbu za wanaouliza. Mtu mwingine wa nje, asiye wa ofisi zetu, alikuwa ameuliza habari za Josaphat mara tatu tangu alfajiri.

Saa nne ilikuwa imepita; Josaphat alikuwa tayari kwenye njia hiyo ya watekaji. Nilimpigia, simu haikupatikana. Nikasimama, nikaketi, nikapiga tena. Nikamweleza Anne-Marie, nikamwomba tuizime mashine palepale.

"Mais lakini ukiifunga, tutabaombea namna gani?"

"Mungu anajua beko wapi, mama, hata bila mashine. Ule mutu wa inje, bila mashine hawezi kujua."

Akasema ataitisha mkutano wiki ijayo. Basi nikaandika uongo kwenye nafasi ya Josaphat: safari imeahirishwa, niko nyumbani. Kwa muda wa saa nne sikula, sikukaa, sikusali.

Saa nane akapiga, amefika Mutwanga, amefura kwa hasira.

"Nani aliandika ku mashine eti siko nakuja? Infirmier, muuguzi wa hapa, amesoma, amefunga mulango, ameenda mu shamba."

Nililia huku nacheka. Kisha nikarudi kwenye kumbukumbu. Yule mtu alikuwa ameuliza habari za Josaphat mara moja tena, akaukuta uongo wangu. Dakika mbili baadaye aliuliza habari za Kavugho.

Anne-Marie alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma. Hakutaja mkutano tena. Aliinama chini ya meza akachomoa waya wa mashine mwenyewe.