Misalaba Miwili ya Delbert

Delbert Stroud alikuwa ameunguza mikono yote miwili akimkaanga bata mzinga gereji, tena bata mwenyewe bado ana barafu tumboni. Walipomfikisha hospitali ya pale Fresno, ikagundulika na moyo nao mbovu. Sasa anangoja kupasuliwa saa nane, bandeji mpaka viwikoni, ndipo anakumbuka kwamba Opal, mwanamke aliyeishi naye miaka yote hiyo bila ndoa, hana haki hata ya msumari mmoja wa ile nyumba. Akifa leo, yote inakwenda kwa kaka yake wa Reno, na huyo kaka hatamwachia Opal hata sufuria.

Ndiyo maana, ili nyumba iandikwe jina la Opal kabla ya saa nane, akaitwa Darla Pickett, notari. Kazi yake ni kushuhudia watu wakitia sahihi, kugonga muhuri, na kuandika kila kitu kwenye daftari ambalo hulifungia kwa kufuli hata akienda chooni. Watu walimcheka. Na wacheke.

"Dole gumba," alisema Darla, akifungua wino. Hati ya nyumba inataka alama ya dole daftarini.

Delbert akainua bandeji mbili. "Chukua la mguu."

"La mguu lako silitaki, mzee. Nitaandika mikono imeungua kwa ujinga."

"Andika imeungua tu."

"Haya. Ujinga utajionyesha wenyewe."

Kasheshe ilikuwa kwenye kutia sahihi. Angeweza kushika kalamu kwa meno na kuchora msalaba, hilo sheria inakubali. Lakini msalaba unataka mashahidi wawili, na mmoja wao aandike jina la Delbert pembeni, kwenye hati na kwenye daftari. Manesi wamekatazwa na hospitali. Opal ndiye anayepewa nyumba, hafai. Kitanda cha pili alilala Bwana Arakelian, mkulima wa zabibu aliyetolewa nyongo, naye alikubali mara moja kwa sababu tangu asubuhi hakuwa na cha kutazama. Akahitajika mmoja zaidi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Wanda, mke wa zamani wa Delbert, na puto mkononi.

"Nimesikia unakufa," alisema. "Nimekuja kuhakikisha."

Opal akamvuta Darla kando. "Dada, tafadhali, ruka hilo la shahidi. Nani atajua?"

"Kaka mtu akienda mahakamani, daftari ndilo watakalolifungua kwanza. Utalala nje, shoga, na muhuri wangu mkononi."

Basi wakamweleza Wanda. Alicheka mpaka puto likamponyoka likagonga dari.

"Mimi? Nishuhudie huyu bibi akipewa nyumba niliyoipaka rangi kwa mikono yangu?"

"Wanda," alisema Delbert, kalamu mdomoni.

"Toa hiyo kalamu ukisema na mimi!"

Akaitema. "Biskuti hakutoroka. Nilimuuza. Nilikuwa na hasira nawe, nikamuuza mbwa wako kwa jamaa wa Modesto. Halafu ukazunguka mtaa mzima unamwita, na mimi nyuma yako na tochi, eti nakusaidia kumtafuta. Nisamehe, Wanda."

Hata Arakelian aliacha kutafuna vipande vya barafu alivyopewa na nesi. Darla alimwona Wanda machozi yakimlengalenga, akasema moyoni, basi, imekwisha, huyu anaondoka. Alimwonea Opal huruma mpaka akashindwa kumtazama.

"Mshenzi wewe," alisema Wanda. "Nilijua. Ulikuwa unamulika juu ya miti. Nani anamtafuta mbwa juu ya miti?"

Akaokota kalamu, akaifuta kwa gauni lake, akaichomeka katikati ya meno ya Delbert.

"Chora."

Delbert akachora misalaba miwili, mmoja kwenye hati, mwingine daftarini, yote imepinda. Pembeni yake Wanda akaandika Delbert Eugene Stroud, jina kamili, bila kutazama leseni yake ya udereva. Akatia sahihi, Arakelian naye akatia, Darla akagonga muhuri na kufunga kufuli.

Manesi wakaja kumchukua Delbert kwenda kupasuliwa. Wanda akamshika nesi mkono mlangoni.

"Mshoneni vizuri, mnasikia? Huyu nataka arudi. Sijaanza hata kumtukana."

Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na Opal, akaanza kulia.