Tabia za Mulamba-Umande

Leo ni Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Ninaandika nikiwa Butembo, tulikokimbilia, kwa ajili ya akina mama wanaolima karibu na msitu.

Kule Oicha tulikuwa na mnyama wetu, Mulamba-Umande. Hakuna aliyepata kumwona, lakini kila mama alijua habari zake. Ni mkubwa kama ng'ombe, na mgongoni ameota majani badala ya manyoya. Visigino vyake viko mbele, hivyo anayedhani anamkimbia humwendea. Jike hubeba watoto wake ndani ya sikio. Asubuhi hulamba umande kwenye majani ya kakao. Umande ukikauka, hula mtoto aliyeingia msituni peke yake. Hivyo ndivyo tulivyowazuia watoto, kwa sababu watu wenye mapanga hatukuweza kuwataja mbele yao.

Shekinah, binti yangu wa miaka sita, alitaka kujua yote.

"Koko, anakunyaka wapi?" alimwuliza mama mkwe wangu, Kavira.

"Mu shamba ya bale banakosaka misa."

Tulicheka sana. Lakini watoto walianza kukataa kulala, ndipo Kavira akaongeza tabia moja: Mulamba-Umande huogopa sufuria, kama nyani tunaowafukuza kwenye kakao kwa kupiga sufuria. Watoto wakalala.

Mwezi wa tatu tulikwenda kuvuna. Tuliandamana na jirani yangu Godelive na binti yake Jokébed, rafiki wa Shekinah. Kila mtoto alikuwa na sufuria yake ya kufukuzia nyani. Godelive alimwacha Jokébed kwenye kibanda cha shambani, akashuka mtoni kuchota maji. Mimi na Shekinah tulikuwa mbali kidogo, tukipasua kakao, risasi zilipolia.

Nilimwangusha mwanangu chini, nikatufunika kwa majani makavu. Hatua za watu wengi zikakaribia. Shekinah akainua kijiko juu ya sufuria.

"Mama, ni yeye. Nipige?"

Nilimshika mkono. Kama ningemkataza tu, angelia.

"Hapana, mama. Ule njo dume, muzee yabo. Ye anapendaka sufuria. Akisikia tu, anakuya."

"Kumbe! Koko hakusema."

"Koko hakumujua. Anaogopaka kimya tu. Nyamaza, atapita."

Aliweka kijiko kwenye nyasi polepole, akafumba mdomo kwa mikono miwili. Viatu vilipita karibu na vichwa vyetu. Wakapita wote.

Ndipo sufuria ikalia upande wa kibanda. Jokébed alipiga kwa nguvu, bila kuchoka, kama mtoto jasiri aliyefundishwa vizuri. Wale watu wakageuka. Sikuweza kuinuka, chini yangu alikuwa mwanangu. Sufuria ililia tena kidogo, kisha ikanyamaza.

Shekinah aliniambia sikioni, "Mama, Jokébed hapana kujua ya ule dume."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulimzika kesho yake, Godelive akiwa ameshikwa na wanawake wawili.

Kwa hiyo wewe unayesoma, wasomee akina mama wa Mutwanga, wa Kamango, wa Beni na wa kila penye shamba. Watoto wao wakiwa wanamjua Mulamba-Umande, jioni hii hii waongezewe tabia hii: anapenda sufuria, anaogopa kimya. Ukimaliza, mpe mwenzako naye awasomee wengine.