Vidole vya Chai

"Leta mikono, mama," Daktari Angwenyi alisema.

Nyanchera akainyoosha. Alikuwa ameisugua kwa maji aliyoyateka mwenyewe nyuma ya jiko la hospitali, maana bomba la wodi ya watoto wachanga lilikuwa kavu tangu Jumatatu. Ncha za vidole zilibaki nyeusi. Miaka kumi na moja ya kuchuma chai kule Nyaramba haitoki kwa sabuni.

Bintiye, aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, alikuwa anaungua kwa homa tangu alfajiri. Daktari alisema viini vya ugonjwa vimeingia kwenye damu kupitia mrija uliotiwa mshipani. Sasa alikuwa anatafuta aliyevipeleka.

"Hii si uchafu, daktari. Ni majani chai."

"Basi ndiyo imechafua damu ya mtoto."

Mrija wenyewe Nyanchera hakuwahi kuugusa. Muuguzi Emily, aliyesimama kando na faili la mtoto, alijua hilo. Emily ndiye aliyelalamika wiki nzima kwamba spiriti ya kusafishia imekwisha, kwamba plasta ya kufunika mrija imelowa, imebanduka na hakuna nyingine, kwamba mrija ulifaa kutolewa tangu Alhamisi. Nyanchera alimgeukia, akangoja aseme. Emily, ambaye kandarasi yake ilikuwa inaisha mwezi huo, akainamia faili.

Daktari akamwamuru aandike kwamba chanzo ni mikono ya mama. Akaandika bila hata kusita. Nyanchera akatamani kumpokonya hilo faili alirarue mbele yao.

"Na nyinyi, mikono yenu inaangaliwa na nani?"

Daktari hakupandisha sauti. "Mama, unataka mtoto apone ama unataka kubishana na mimi?"

Nyanchera akaishusha mikono. Angefanya nini?

Kufika saa sita tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni: akina mama wachuma chai wasiingie ndani. Kati ya akina mama tisa wa wodi ile, wanane walijikuta kwenye korido, kila mmoja na kikombe cha maziwa aliyojikamua, wakichungulia watoto wao kupitia kioo.

Ndani, Daktari Angwenyi alikuwa anaongea kwa simu. Alipomaliza aliitumbukiza mfukoni, akafungua kile kisanduku cha joto alimolala mtoto wa Nyanchera, akaushika mrija mpya, uliotiwa asubuhi hiyo, kwa vidole vitupu.

Nyanchera akagonga kioo kwa viganja vyote viwili.

Askari wa mlangoni alikuja upesi, akamshika mkono, akamwambia aache kukichafua kioo.