Stuli ya Cherehani ya Kumi na Nne

Ukutani mwa choo cha kiwanda walikuwa wamechora stuli tena. Chaki ile niliijua. Ni yetu mafundi, ya kutia alama kwenye kitambaa. Chini ya stuli waliandika neno moja: ALIKETI.

Aliyeketi ni mimi, wa cherehani ya kumi na nne. Na Mungu ni shahidi yangu kwamba sikukusudia.

Kila siku saa tisa king'ora hulia, umeme wa cherehani hukatwa, na sisi tunaoshona sare za askari husimama, mkono kifuani, mpaka Wimbo wa Shukrani uishe. Asiyesimama huchukuliwa. Ila tuna tabia moja mbaya, tunaiita kuiba mshono: king'ora kikianza kukohoa, unakanyaga pedali kwa nguvu umalize kola kabla umeme haujakatika. Siku ile niliiba mshono. Sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole changu cha shahada, umeme ukakatika, na breki ikalifunga gurudumu, kidole kikabaki kimenaswa chini ya sindano. Watu mia mbili wamesimama, mimi nimekaa, nimeng'ata ukosi wa gauni langu nisipige kelele.

Wimbo ulipoisha, mlinzi aliona damu akanipeleka kwa daktari. Wenzangu hawakuona damu. Waliona nimeketi, nimeondoka na mlinzi, nimerudi mzima.

Kesho yake waliketi kumi na wawili. Hao hawakurudi. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, fundi wa vifungo, tumbo moja, ziwa moja.

Siku ya tano mkata vitambaa alinibana kwenye bomba la kunawia. Ni mwanamke mwenye mikono mipana, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake.

"Leo utaketi tena. Watu wanakungoja."

"Dada, nilishonwa kidole. Mara ngapi niseme?"

"Funga mdomo na hicho kidole chako! Watu kumi na wawili wako ndani kwa ajili yako, wewe unaleta habari za ukucha."

"Sikumtuma mtu."

"Mwoga mkubwa wewe. Sala nyingi, uti wa mgongo hakuna."

Nikamwacha hapo bombani, maana msimamizi alikuwa ameniita. Ofisini kwake hakunikaribisha kiti. Alicheka mwenyewe kwa hilo.

"Wewe si unapenda kukaa? Simama kidogo." Akanisogezea karatasi yenye maneno ya kusema. "Leo kabla ya king'ora utawaambia ukweli. Sindano, kidole, basi. Au dini yako inakataza ukweli?"

"Na mdogo wangu?"

"Ukimaliza kusema, anakwenda nyumbani. Ukikataa, msahau."

Nilirudi chooni nikapiga magoti mbele ya stuli ile ya chaki, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa faragha. Nikasema, Bwana, nipe neno. Sikupewa. Wakati mwingine Mungu hunyamaza kama mwalimu aliyekwisha kuuliza swali.

Saa tisa kasorobo walimleta mdogo wangu, wakamsimamisha karibu na mlango. Shavu lilikuwa limevimba na viatu hana. Nilipewa kipaza sauti. Nikainua kidole chenye bandeji, nikasema yote: kola, pedali, sindano, breki. Sikuongeza wala sikupunguza.

Kisha mtu wa meza ya pasi akaguna, "Kumbe! Shujaa wa ukucha!" Kicheko kikapita mezani hadi mezani, kicheko kibaya. Mwanamke mmoja, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili, alinirushia kibiringo cha uzi kikanipata shingoni.

Msimamizi akamsukuma mdogo wangu kwangu. "Chukua mzigo wako."

Nilitaka kumkumbatia. Akanitoa mikono.

"Kwa hiyo nimepigwa siku nne kwa sababu ya sindano?"

"Twende nyumbani, mdogo wangu. Tutazungumza huko."

King'ora kikakohoa, kisha kikalia. Umeme ukakatwa. Wote waliobaki wakasimama, mimi pia, mkono kifuani kama desturi. Mdogo wangu alitazama mlango uliokuwa wazi, hatua mbili tu kutoka pale. Halafu akaketi sakafuni, miguu yake mitupu ameinyoosha mbele.

"Inuka," nikamnong'oneza. "Umeshaachiwa. Nakusihi, inuka."

"Yako ilikuwa sindano. Mimi niliketi kwa akili yangu." Hakupunguza sauti.

Msimamizi akampungia mlinzi. Nilimtafuta mkata vitambaa kwa macho. Alikuwa amesimama wima kama nguzo, mkono kifuani, anahesabu taa za dari. Sikumlaumu. Kidole kilikuwa kinapwita juu ya moyo wangu, nikakitazama. Hakikuwa kimeshikwa na kitu chochote. Hapo nikajua kwamba swali lilikuwa langu, na kwamba safari hii sina cha kusingizia.

Nikaketi kando yake. Sakafu ilikuwa baridi na imejaa vipande vya nyuzi.

Buti za mlinzi zilikuwa zinakuja kati ya meza. Mdogo wangu hakunigeukia.

"Sogea huko," akasema. "Unanibana."

Nikasogea kidogo.