Mapengo ya Kinubi cha Ladislaus

Shemeji yangu Optatus ni fundi seremala wa Masasi, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona pengo akaliacha. Asubuhi ya harusi ya binti yangu Rose alipanda Newala kunirudishia otohapu ya marehemu mume wangu Ladislaus, aliyoichukua kuipaka rangi, kinubi cha ubao chenye nyuzi thelathini na sita, kiking'aa vanishi. Rose aliomba kitu kimoja tu: aingie kanisani kwa kinubi cha baba yake. Ladislaus alikipiga kila jioni, na kila akifika kwenye "so" kidole kilichelewa, wimbo ukakatika. Miaka ishirini nilimpigia kelele kutoka jikoni, "Wahi, baba Rose!" Hakuwahi hata siku moja.

Nikabonyeza kibao cha kwanza kati ya vile vinavyolala juu ya nyuzi, nikapitisha kidole kwenye nyuzi. Pu! Cha pili. Pu! Kama napiga godoro.

"Optatus, umefanya nini?"

"Mende walitafuna vitambaa chini ya vibao, shemeji. Nimeviondoa, nimebandika vipande vya kandambili mpya. Hakuna pengo hata moja."

Kandambili! Nilitamani kumchapa nazo.

"Mende gani? Kibao hakilizi nyuzi, kinazinyamazisha! Ukikibonyeza kinazima zote, isipokuwa zilizo chini ya mapengo. Do, mi na so zikiachwa, zinalia pamoja. Wewe umeziba zote!"

"Si ungeniambia?"

"Si ungeuliza?"

Misa ilikuwa saa nne. Nikamkalisha barazani na wembe; wimbo ulihitaji vibao vitatu tu. Nilipiga uzi mmoja mmoja, nikaweka alama kwa kalamu, yeye akakata. Tukamaliza kibao cha do-mi-so, kisha cha fa-la-do. Na katika haraka yote ile bado alitaka kulainisha kingo! Kengele ikagongwa huku kibao cha so-ti-re hakijaguswa. Nililia kwa hasira.

Rose akaingia ameshikwa mkono na Optatus huyo huyo. Nikapiga do-mi-so, nikapiga fa-la-do. Nilipofika kwenye so sikuwa na la kufanya, nikabonyeza kibao kilichozibwa.

Pu.

Rose akasimama katikati ya njia. Nikajua nimemharibia siku yake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, machozi yakamlowesha shela, akacheka na kuita kwa sauti ambayo hata padri aliisikia:

"Wahi, baba Rose!"