Mkono wa Rosaire

Kila mwaka ni yeye. Miaka ishirini na miwili Ghislaine Thibault amepanga ile safari ya wikendi ya pikipiki za theluji, na miaka yote hiyo wenzake wanamwambia panga tu, sisi tupo. Akishapanga, maneno yanaanza. Mwaka huu Huguette hataki kulala chumba kimoja na mumewe kwa sababu anakoroma, utadhani kaanza kukoroma jana. Normand naye anauliza kama pai ya nyama itatiwa vitunguu. Watu wazima hao, wenye wajukuu! Ghislaine alikuwa amechoka mpaka kope zilimuuma, na moyoni alishaapa kwamba hii ndiyo ya mwisho, wakirudi watafute mwingine wa kumsumbua.

Lakini kilichomchosha hasa hakikuwa Huguette wala vitunguu. Kilikuwa mstari mmoja mtupu kwenye karatasi iliyolala mezani jikoni. Mwenye nyumba ya wageni, kule ng'ambo ya ziwa, alitaka apigiwe simu kabla ya saa sita mchana na kusomewa majina kwa mpangilio wa msafara, juu kabisa jina la atakayetangulia kwenye barafu. Jina hilo siku zote lilikuwa la Rosaire, kaka yake. Hakuna mwingine aliyejua vizuri pale mto unapoingilia ziwani, ambapo barafu haiaminiki.

Machi iliyopita Ghislaine alikuwa wa pili, nyuma yake. Wakakutana na msafara mwingine msituni. Anayetangulia huinua mkono na kuonyesha kwa vidole wangapi wanamfuata, ili wale wanaokuja waendelee kubana pembeni mpaka wote wapite. Rosaire hakuinua kitu. Kiongozi wa msafara ule akadhani Rosaire yuko peke yake, akarudi katikati ya njia, na Ghislaine akaishia kwenye misonobari, pikipiki juu, yeye chini. Aliwaambia wengine ameteleza. Rosaire alimsaidia kuichomoa pikipiki kwenye theluji na hakuuliza hata swali moja, naye Ghislaine akajua kwamba kaka yake anajua kosa ni la nani.

Saa tano Rosaire aliingia, akavua buti mlangoni, akajipakulia supu ya njegere kama kawaida yake.

"Umeshaniandika?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Alishatunga uongo wa aina tatu tangu asubuhi. Sasa hakuwa na nguvu ya kusema hata mmoja.

"Sikuandiki mbele, kaka. Huoni."

Rosaire alikoroga supu. Ghislaine alingoja afoke, maana angefoka ingekuwa rahisi kidogo. Hakufoka. Alisema daktari alimkataza kuendesha chochote tangu kiangazi, na kwamba alikuwa akingoja dada yake aseme.

"Miezi yote hiyo ukaniachia mimi?" Ghislaine alifoka.

"Si wewe ndiye unayepanga kila kitu?"

Alitaka kumtupia kijiko. Badala yake akakaa chini na kulia kidogo, kilio cha mtu aliyechoka tu, na kaka yake akamsogezea kitambaa cha meza kwa kukosa kingine. Kisha Rosaire akasema asiandikwe kabisa, atabaki nyumbani, na ni heri safari ifutwe kuliko kumtanguliza Normand kwenye ziwa lile.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita. Ghislaine alijifuta uso. Akasema pikipiki yake ina viti viwili.

Rosaire aliacha kula. "Vilima vya ng'ambo bado naviona, navyo ndivyo huniongoza ziwani," alisema taratibu. "Watu ndio siwaoni. Nitakubonyeza bega, kulia au kushoto. Na wewe ukiona wanakuja, nigonge goti. Mkono nitainua mimi."

Ghislaine aliandika jina lake kwenye mstari mtupu, na la kaka yake pembeni.

"Mwakani je?" Rosaire aliuliza.

"Na mwakani." Alisema hivyo kwa unyonge, maana nani mwingine angempakia? Kiapo chake kiliishia hapo. Akanyanyua simu, akapiga namba, na wakati inaita akagonga goti la kaka yake chini ya meza.

Rosaire, kinywa kimejaa mkate, aliinua mkono wa kushoto na kuonyesha vidole vinne: Huguette, mumewe, Normand na mkewe.