Maneno Manne ya Terry

Bochaberi alipopangiwa kwenda Sindo kufanya mazoezi ya kufundisha katika darasa la viziwi, wenzake walimwonea huruma ya mdomoni tu. Walikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho, katika koleji ya elimu ya chuo kikuu, tawi la Homa Bay, na shule nzuri, zile zenye umeme na maabara, zilikwisha kugawiwa wenye ndugu ofisini. Yeye babake alikuwa fundi cherehani sokoni Migori, Msabato mnyenyekevu asiyejuana na mkubwa yeyote.

"Huko utafundisha ukuta," walimwambia.

Alifunga sanduku lake. Mwaka huo wa 1994 alikuwa na nia moja: kubaki chuoni awe mhadhiri msaidizi, asirudi Migori kupima watu viuno.

Alikuta watoto kumi na mmoja. Wiki ya kwanza alisimama mbele yao akipaza sauti mpaka koo likakauka, nao wakamtazama kwa upole, kisha wakageukiana, wakasemezana kwa mikono, wakacheka. Aliyemwokoa ni Terry, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio alipokuwa na miaka mitatu. Terry alimshika mkono, akampeleka dirishani. Akamwonyesha ziwa, kisha akalaza kiganja hewani na kukipitisha taratibu, kama maji yasiyo na upepo. Akamwonyesha mbuzi, akajivuta kidevu. Siku iliyofuata akaongeza mvua, njaa, mama, uwongo. Mwalimu akikosea, Terry alimchapa kikofi chepesi mkononi, na darasa zima likacheka.

Mwezi ulipokwisha, Bochaberi aliweza kuwasimulia habari za Yona kwa mikono mitupu. Watoto wa wavuvi walibishana karibu saa nzima ni samaki gani mwenye tumbo la kumeza mtu mzima. Hakuwahi kuona darasa lenye kelele kama lile, na hapakuwa na sauti.

Siku hiyohiyo ndipo mkuu wa idara yake, Dkt. Onyancha, alipofika kumkagua. Alisimama mlangoni, koti begani, akaangalia ile mikono inayoruka.

"Hii ni nini?"

"Wanaongea, Daktari. Huyu anauliza kama wewe ni baba yangu."

Dkt. Onyancha hakutabasamu. Alimwita nje, kando ya gari.

"Mimi sikuandika tasnifu miaka mitano juu ya mikono," alisema. "Niliandika juu ya sauti. Kiziwi ukimwachia mikono, ulimi wake unaoza. Umesoma hayo darasani kwangu, ama ulikuwa umelala?"

"Nimesoma, Daktari."

"Basi sikiliza. Novemba tarehe ishirini na tano ni Siku ya Mafanikio ya koleji. Wafadhili watakuja, wizara itakuja. Kila idara itaonyesha ilichofanya. Mimi nataka mtoto mmoja anayesema. Mmoja tu." Akalainisha sauti, akaingia kidogo Kigusii, lugha ya kwao wote wawili, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Binti yetu, nafasi ya mhadhiri msaidizi ni moja. Elkana wa darasa lenu anaitaka, na babake hunipigia simu kila Jumatatu. Nipe mtoto anayesema, nami nitajua la kumjibu."

Bochaberi alimchagua Terry, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bado na kisauti cha utotoni, na kwa kuwa ndiye aliyempenda. Sentensi ilikwisha kuchaguliwa na Daktari: *Asante sana, mgeni rasmi.* Maneno manne, wiki sita.

Walikaa wawili katika chumba cha kuwekea jembe na fagio, kioo mbele yao. Bochaberi aliweka kidole cha Terry kwenye pua yake yeye mwalimu ili ahisi *m* ikitetemeka, kisha kooni kwa ajili ya *r*. Terry alijitahidi. Lakini kila alipokwama aliuliza kwa mikono: hili ni nini? Linaliwa? Mbona unataka nilie kama paka? Na mwalimu, bila kujua, akamjibu kwa mikono, wakacheka, saa ikapita.

Dkt. Onyancha alikuja tena baada ya wiki mbili, akasikiliza milio michache isiyofanana na neno lolote.

"Mfunge mikono," alisema.

"Daktari?"

"Nyuma. Kwa kitambaa laini, wewe si polisi. Mikono ikifungwa, ulimi utatafuta njia wenyewe."

Bochaberi alivua kilemba chake, akamfunga yeye mwenyewe. Terry alidhani ni mchezo. Alicheka, akajipindapinda, akageuka kuonyesha kwamba angeweza kufungua fundo. Mwalimu akalikaza. Wiki ya pili ya kufungwa Terry hakucheka tena. Aliingia chumbani, akageuza mgongo, akaweka mikono tayari.

Ijumaa moja *mgeni* ilitoka. Ilitoka nzima, na *g* yake, kama mtu aliyekohoa jiwe. Bochaberi aliruka. "Tena!" Terry akalisema tena. Halafu akaanza kubana magoti na kuyumba kitini, macho yakiusihi mlango. Bochaberi alielewa. Alikuwa amekwisha jifunza ishara ya choo wiki ya kwanza kabisa, na alijua msichana yule hakuwa na mkono wa kuitoa. Lakini neno lilikuwa limekuja, nalo lingeweza kupotea. "Tena," alisema. "Mgeni. Tena." Terry alilisema mara saba. Mara ya nane maji yakatiririka chini ya kiti mpaka kwenye viatu vya mwalimu.

Bochaberi alifuta sakafu, akampelekea sketi nyingine. Usiku hakulala vizuri. Jumatatu alimfunga tena.

Mama yake Terry, Truphena, aliyeanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, alikuja shuleni kuona miujiza aliyosikia ikisemwa. Alisimama mlangoni kwa heshima, mikono imefutwa magamba kwa leso.

"Mwalimu, nyara," alisema, yaani "binti yangu" kwa Kijaluo, "ni kweli mtoto atasema?"

"Ni kweli, mama."

"Ataniita mama?" Alicheka kwa haya. "Si leo. Nauliza tu. Miaka tisa sijaitwa na huyu."

Bochaberi alipeleka ombi hilo Homa Bay. Dkt. Onyancha hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Ukimwongezea neno atavuruga yale manne. *Mama* ni baada ya sherehe." Hivyo Bochaberi akarudi na kumwambia Truphena kwamba wanalifanyia kazi, asiwe na haraka, aje tu siku ile.

Siku ile ukumbi wa koleji ulijaa mpaka madirishani. Mafanikio yalisomwa moja baada ya jingine: mhadhiri aliyechapisha kitabu cha hisabati, kwaya iliyotwaa kombe Nairobi, mwanafunzi wa jiografia aliyechora ramani ya machimbo ya Macalder, timu ya voliboli. Kila aliyetajwa alisimama na kupigiwa makofi yake. Kisha Dkt. Onyancha alishika kipaza sauti, akaeleza jinsi sayansi ilivyoingia Sindo na kufungua kinywa kilichofungwa.

Terry alipandishwa jukwaani katika gauni jeupe alilolishona babake Bochaberi. Kumfunga mbele ya wageni kungekuwa aibu, kwa hiyo Daktari alikuwa ameagiza shada kubwa la maua, zito, la kubebwa kwa mikono yote miwili. Terry alimtafuta mwalimu wake kwa macho, akamwona, akavuta pumzi.

"Asante sana, mgeni rasmi."

Ilikuwa sauti nene, isiyo na mwinuko, lakini kila neno lilisikika. Ukumbi ulisimama. Mgeni rasmi, mtu wa wizara aliyevaa tai nyekundu, alitoa kitambaa akajifuta macho.

Hapo Truphena akashindwa kuvumilia. Alitoka nyuma akipasua watu, akapanda jukwaani kabla hajazuiwa, akapiga magoti mbele ya mtoto na kuushika uso wake.

"Terry. Sema *mama*. Ma-ma."

Terry aliangalia ile midomo. Aliona uso ukimtaka kitu, kama nyuso zote za wiki zile, na alijua kitu kimoja tu cha kuzipa.

"Asante sana, mgeni rasmi."

Mtu mmoja alicheka. Truphena alitikisa kichwa, akajigusa kifuani. "Mama. Mimi. Ma-ma."

"Asante sana, mgeni rasmi. Asante sana, mgeni rasmi."

Sasa ukumbi mzima ulikuwa unacheka, hata waliokuwa wakilia. Dkt. Onyancha, mtu mwepesi wa maneno, aliinua kipaza sauti. "Mnaona adabu tunayofundisha? Anamshukuru hata mzazi wake!" Makofi yakavuma. Mgeni rasmi alimpigapiga Truphena begani, akamsaidia kusimama, na askari mmoja wa koleji akamwongoza chini kwa kumshika kiwiko.

Terry aliachia maua. Katika kicheko kile asichokisikia bali alichokiona, alimgeukia Bochaberi, na mikono yake ikauliza harakaharaka, wazi kama maandishi ubaoni: *Nimesema nini? Wanacheka nini? Nimemwambia mama nini?*

Katika watu mia sita, ni mmoja tu aliyejua kwamba swali limeulizwa. Na papo hapo jina lake lilikuwa linaitwa: Bochaberi Machuki, mwanafunzi bora wa mazoezi ya kufundisha. Alipanda ngazi. Cheti hupokelewa kwa mikono miwili, ndiyo heshima, na mikono yake miwili ikakipokea. Alipomaliza kuinama, Terry alikwisha teremshwa.

Elkana hakupata nafasi. Mwaka uliofuata Bochaberi alikuwa na meza katika idara, na mbinu ya Dkt. Onyancha ikatolewa waraka kwa madarasa yote ya viziwi ya Homa Bay na Migori. Alitumwa Sindo kuandika ripoti ya maendeleo. Terry hakuwa shuleni. Aliambiwa aliacha wiki ileile ya sherehe.

Alimkuta ufukweni, akigeuza omena juu ya nyavu, akisemezana na mama yake. Wote wawili walitumia mikono, Truphena kwa kigugumizi cha mtu mzima anayejifunza lugha ya mtoto, Terry akimsahihisha kwa kikofi. Walikuwa wanacheka. Kisha Terry akamwona mgeni, na mikono yake ikatulia.

Bochaberi alisogea. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Akainua mikono, akaanza: *Siku ile, uliniuliza...*

Terry akafumba macho.

Hakukimbia, hakukunja uso. Alisimama pale juani, kope zimeshikana, na hapakuwa na neno duniani ambalo lingemfikia. Bochaberi aliendelea kidogo, mikono ikisema hewani, mpaka akaona wanawake wengine wa omena wameacha kazi wanamtazama. Akaishusha.

"Mwalimu," Truphena alisema. Hakumwita binti tena, lakini sauti yake haikuwa na ukali. "Hatafungua mpaka uondoke. Na jua ni kali. Nakuomba usimsimamishe sana."

Akaondoka. Alipotazama nyuma akiwa barabarani, mikono ya wale wawili ilikuwa imeanza tena.

Jumanne iliyofuata alikuwa Migori, ambako walimu kumi na wanane walimngojea awaonyeshe mbinu. Walimletea mvulana wa Kikuria wa miaka sita, mchangamfu, aliyekuwa akimweleza kila mtu kwa vidole habari ya ndama aliyezaliwa kwao. Bochaberi aliielewa habari yote, hata rangi ya ndama. Alimwomba mmoja wa walimu amletee kitambaa laini.